VIDOLE VINAPOKAKAMAA ASUBUHI



Msimu uliopita alikuwako mchumaji mmoja, mwanamke, ambaye kila siku alifika shambani jua limekwisha panda, na jioni kwenye kuchambua karafuu akawa wa mwisho. Watu walisema ni mvivu. Wengine walisema karogwa. Sisi wa Chama nasi tulimsema, tukampunguzia kazi. Baadaye daktari alimpima akamkuta na baridi yabisi ya viungo. Twaona haya kwa maneno yetu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Ugonjwa huu hauletwi na baridi wala umande, ijapokuwa jina lake lasema hivyo. Kila mwili una kinga yake, mfano wa mlinzi wa shamba ambaye kazi yake ni kufukuza wezi. Hapa mlinzi humdhania mwenye shamba kuwa ndiye mwizi: kinga huushambulia utando ulio ndani ya viungo. Viungo huvimba na kuuma, na visipotibiwa mifupa huliwa na vidole hupinda. Huwapata wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume, na wavutaji tumbaku wamo hatarini zaidi. Hauambukizi hata kidogo.

Utaujuaje? Machovu ya kuchuma kutwa huisha kwa kulala. Huu ni kinyume: mtu huamka vidole vimekakamaa, pengine kwa saa nzima au zaidi, asiweze kufunga kifungo cha nguo. Mara nyingi huvimba mikono yote miwili, hasa kwenye vifundo vya vidole. Mwenye kuona hivi kwa wiki kadhaa na aende hospitali, asingoje msimu umalizike. Kiungo kilichokwisha haribika hakirudi.

Wengi wenu mtasema: mchueni mafuta ya makonyo. Hatuyadharau mafuta yetu. Hutia ganzi na kupoza maumivu kwa muda. Lakini hayamzuii yule mlinzi, na yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi.

Mwaka 1948, huko Marekani, Dk. Philip Hench na wenziwe walianza kuwapa wagonjwa kotisoni, na mwaka 1950 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel. Watu waliokuwa hawainuki waliinuka. Kisha ikaonekana kwamba dawa hiyo ikitumiwa sana ina madhara yake. Leo dawa inayoanzwa mara nyingi ni methotreksati. Haiponyi kabisa, ila humtuliza mlinzi, nayo hukawia wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Humezwa mara moja tu kwa wiki: kuimeza kila siku kwaweza kuua. Haimfai mwenye mimba, na anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara.

Sasa twawaomba wenye mashamba. Mgonjwa asipandishwe mkarafuu wala asikwanyue matawi. Apewe kupima au kusimamia uanikaji, aanze kazi vidole vikishalegea, na ujira wake usikatwe kwa kuchelewa. Siku ambazo viungo havimchomi ni vyema avitumie, maana kulala tu hudhoofisha.

Mama yule amerudi msimu huu. Hukaa kwenye mizani. Asubuhi akikawia, twamngoja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msiyafiche, wala msimfanye mtu ayafiche.

Katibu wa Chama