Kipaji Peke Yake Hakimfanyi Mtu Mwalimu

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro jirani na Mbarara, yalikuwapo hata kabla ya Uganda kupata uhuru mwaka 1962. Humo wamo Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliokuja na ngoma na nyimbo zao. Hata hivyo, mwimbaji hodari si lazima awe mwalimu hodari.

Mvulana anapobalehe, sauti yake hushuka kwa kadiri ya oktavu moja. Mwalimu asiyelijua jambo hilo humlazimisha kuimba juu. Mwanafunzi huona haya, akanyamaza kabisa. Ujuzi wa kumpangia sauti inayomfaa hutokana na mafunzo.

Mtaala wa sekondari ulioanza Uganda mwaka 2020 umetoa nafasi kwa muziki, ngoma na maigizo. Lakini Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 yadai shahada. Mkimbizi aliyesoma ng'ambo ya mpaka hana budi kwanza cheti chake cha sekondari kilinganishwe na Baraza la Mitihani la Uganda.

Basi wenye nia ya kuisaidia Nakivale wasianze kwa kununua ngoma. Waanze na vyeti, kisha karo.