Kwa nini kuaga uwanja wa zamani ni jambo zito kwa mashabiki

MWAKA wa 2024 timu ya taifa ya soka, Harambee Stars, ilicheza mechi za "nyumbani" bila kukanyaga ardhi ya Kenya. Mnamo Juni iliwaalika Burundi na Kodivaa jijini Lilongwe, Malawi, ikatoka sare mara mbili. Mnamo Septemba na Oktoba ikawapokea Zimbabwe na Kameruni katika uwanja wa Mandela ulioko Namboole, Uganda. Ilitoka sare tasa katika mechi ya kwanza na kuchapwa 1-0 katika ya pili.

Chanzo cha uzururaji huo kilijulikana. Nyayo na Kasarani zilikuwa zimefungwa kwa ukarabati, na nchini hapakuwa na uwanja mwingine uliokidhi masharti ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Mambo yakaishia pabaya: Kenya ilikosa tiketi ya fainali za Kombe la Afrika zilizoanza nchini Moroko mnamo Desemba 2025.

Kwa shabiki wa Kilungu, kaunti ya Makueni, hasara hiyo ilikuwa ya aina mbili. Aliyezoea kushuka kutoka vilima vya Nunguni hadi barabara kuu ya Mombasa, akaabiri matatu na kuteremka karibu na lango la Nyayo, alinyang'anywa safari yake, kisha akanyang'anywa na matokeo. Hakuwa hata na mahali pa kwenda kusikitika pamoja na wenzake.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo ambalo wasiopenda michezo huliona kuwa la kitoto. Mtu mzima atauliliaje uwanja? Saruji ni saruji, watasema, na kipya ni bora kuliko kikuukuu. Jibu ni kwamba uwanja si mahali pa kushangilia ushindi tu. Ni mahali ambapo umati hujifunza kubeba kushindwa kwa pamoja, na wanaoubomoa bila kuuaga humwondolea shabiki faraja hiyo.

Wazo hili si geni Ukambani. Mababu walikuwa na thome, mahali penye moto nje ya boma ambapo wanaume walikusanyika jioni, wakatatua migogoro na kuwafunza vijana. Walikuwa pia na ithembo, mahali patakatifu pa sala na kafara chini ya mti mkubwa, na mti huo haukukatwa ovyo. Hakuna aliyedhani kwamba thome ni majivu na mawe tu, wala kwamba ithembo ni mti tu. Thamani yake ilitokana na waliopita hapo na yaliyotendeka hapo.

Mfano ulio wazi kabisa wa namna mashabiki wanavyouaga uwanja ulitokea mbali, jijini New York, Marekani, mnamo Septemba 2008. Mchezo wenyewe ni besiboli, ambao wengi wetu tunauona kwenye filamu tu. Hata hivyo, hisia zilizoonekana huko zinaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kusimama pembeni mwa uwanja akiitazama timu yake ikizama.

Ili kuelewa, yafaa kujua jinsi ligi hiyo inavyoendeshwa. Kila timu hucheza mechi 162 katika msimu mmoja, na nusu ya hizo, yaani 81, huwa nyumbani. Kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, uwanja hufunguliwa karibu kila wiki, mara nyingi siku kadhaa mfululizo. Shabiki wa kudumu huujua kama mtu anavyojua soko la kwao. Hujua kiti chake, njia ya kupitia, mchuuzi wa kununua kwake na mahali ambapo jua humpiga machoni alasiri.

Mwaka huo timu mbili kubwa za jiji hilo, Yankees na Mets, zilikuwa zinahama kwa pamoja. Viwanja vipya vilikuwa vimekaribia kukamilika kando ya vile vya zamani. Kama kwamba hilo halikutosha, timu zote mbili zilikuwa na msimu wa kuvunja moyo.

Yankees walikuwa wamecheza katika Yankee Stadium tangu Aprili 18, 1923. Ni hapo ambapo Babe Ruth, nyota aliyevuma kuliko wote katika historia ya besiboli, alijipatia sifa zake. Mwaka 2008 walishindwa kuingia katika hatua ya mchujo kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mechi ya mwisho uwanjani humo, iliyochezwa Septemba 21 dhidi ya Baltimore Orioles, haingebadilisha mengi katika jedwali.

Lakini watu walifurika. Malango yalifunguliwa saa kadhaa kabla ya mechi ili mashabiki watembee kando ya nyasi walizozitazama kwa mbali maisha yao yote. Bintiye Babe Ruth, Julia Ruth Stevens, ndiye aliyerusha mpira wa ufunguzi. Yankees walishinda 7-3, kisha nahodha Derek Jeter akashika kipaza sauti na kuwaomba mashabiki wazibebe kumbukumbu za hapo hadi makao mapya ng'ambo ya barabara.

Wiki moja baadaye, Septemba 28, ikawa zamu ya Mets kuuaga uwanja wa Shea, uliofunguliwa 1964. Hali yao ilikuwa chungu zaidi. Walihitaji ushindi siku hiyo ili wabaki na matumaini ya kusonga mbele. Walichapwa 4-2 na Florida Marlins, timu ile ile iliyowazima siku ya mwisho ya msimu wa 2007.

Mtu angetarajia watu waondoke kwa hasira, na wapo waliozomea. Hata hivyo, maelfu walibaki vitini. Wachezaji wa zamani waliingia mmoja baada ya mwingine, wakaikanyaga bamba ya nyumbani, mahali ambapo mpigaji husimama, kwa mara ya mwisho. Tom Seaver, shujaa wa kikosi kilichotwaa ubingwa 1969, alimrushia mpira Mike Piazza. Kisha wawili hao wakatembea hadi lango la mbali na kulifunga nyuma yao.

Wasimamizi wa Mets walikuwa wameipanga sherehe hiyo bila kujua matokeo yatakuwaje. Heshima kwa uwanja haikutegemea ushindi. Mashabiki walipewa nafasi ya kuhuzunika kwa mambo mawili kwa wakati mmoja, na kila mmoja aliondoka akijua kuwa jirani yake ameumia kama yeye.

Je, ardhi ilifanywa nini baada ya hapo? Hapa pana funzo kwetu. Mahali pa Shea pakageuzwa maegesho ya magari ya uwanja mpya. Mahali pa Yankee Stadium pakawa bustani ya umma yenye viwanja vya kuchezea, iliyo wazi kwa watoto wa mtaa wa Bronx.

Bustani hiyo, hata hivyo, haikuwa zawadi. Uwanja mpya wa Yankees ulijengwa juu ya ardhi ya bustani za umma zilizochukuliwa 2006 kwa ahadi kwamba wakazi wangefidiwa nyingine. Ahadi ilitimizwa kikamilifu 2012, miaka mitatu baada ya timu kuhamia makao yake mapya. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minane bustani zilipofungwa alikuwa na miaka 14 viwanja vipya vilipofunguliwa. Matajiri wa timu hawakusubiri, mtoto ndiye aliyesubiri.

Turudi Afrika Mashariki. Jijini Kampala, uwanja wa Nakivubo ulikuwa kitovu cha soka ya Uganda tangu miaka ya 1920, na baadaye ukapewa hadhi ya kumbukumbu ya vita. Ulibomolewa 2017 ili mwekezaji wa kibinafsi aujenge upya, na ukafunguliwa tena 2024 ukiwa umezungukwa na maduka. Kwa takriban miaka saba, jiji lilikaa bila uwanja huo wa katikati ambao mashabiki waliweza kuufikia kwa miguu kutoka sokoni na katika vituo vya magari.

Mombasa nako, uwanja wa manispaa ulibomolewa kwa ahadi ya kujengwa upya, na kazi ikachukua miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Wafuasi wa Bandari wakalazimika kuifuata timu yao Mbaraki. Kenya nzima ilionja aibu ya aina hiyo Septemba 2017, CAF ilipoipokonya haki ya kuandaa fainali za CHAN 2018 kwa sababu ya kuchelewa kwa maandalizi, vikiwemo viwanja. Mashindano yakapelekwa Moroko.

Ikumbukwe kwamba hakuna anayepinga ukarabati. Viwanja huchakaa, na paa linaloning'inia juu ya vichwa vya watu si kumbukumbu bali ni hatari. Malalamiko ya mashabiki ni kwamba mara nyingi uwanja hufungwa kwa tangazo la ghafla, tarehe ya kufunguliwa husogezwa, na mwisho wa yote hakuna anayewajibika.

Kisheria, nani ana mamlaka? Kasarani na Nyayo zimo chini ya serikali ya kitaifa kupitia shirika la Sports Kenya, lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013. Vingine vingi, kama uwanja wa jiji ulioko barabara ya Jogoo, Nairobi, uwanja wa Kenyatta mjini Machakos na ule wa Wote, Makueni, vimo mikononi mwa kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake, pamoja na bustani na maeneo ya burudani.

Maana yake ni kwamba mwananchi ana mlango wa kubisha. Katiba hiyo hiyo inataka umma ushirikishwe katika maamuzi, na Makueni imejijengea jina katika jambo hili. Tangu enzi za gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, kaunti hiyo imekuwa ikijadili miradi kuanzia mikutano ya vijiji hadi ngazi ya kaunti. Ikiwa wananchi wanaweza kuulizwa kuhusu bwawa na zahanati, wanaweza pia kuulizwa kuhusu uwanja.

Kwa wakazi wa Kilungu jambo hili lina uzito wa pekee. Eneo hilo ni la miinuko mikali, na wakulima wamelazimika kuchimba matuta ili udongo usishuke na mvua. Ardhi tambarare ni haba kama lulu. Uwanja wa shule au wa soko mahali kama hapo hautumiki kwa soka pekee. Ndipo panapofanyika baraza la chifu, mikutano ya injili na michango ya karo. Ukipotea, hakuna mwingine wa kuuziba pengo lake isipokuwa kilima kilimwe kwa tingatinga.

Hofu ya kupotea si ya kubuni. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kote nchini, na viwanja vya umma havikusalimika. Mnamo Januari 19, 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walirushiwa vitoza machozi na polisi walipokuwa wakipinga kunyakuliwa kwa uwanja wao. Ukuta uliozungushiwa uwanja huo uliangushwa, na taifa likakumbuka kwamba watoto nao wana haki ya mahali pa kuchezea.

Basi, kuaga uwanja ipasavyo kuna maana gani? Kwanza, watu waelezwe mapema ni lini utafungwa na ni lini utafunguliwa, na ahadi hiyo iandikwe. Pili, wapewe siku ya mwisho, hata kama timu yao iko mkiani, ili wazee wawaonyeshe wajukuu mahali walipokuwa wakisimama. Tatu, na hili ndilo kubwa, ijulikane ardhi itakuwa ya nani na itatumiwa na nani baada ya tingatinga kuondoka.

Masharti hayo hayahitaji mabilioni. Yanafaa kwa Talanta, uwanja wa viti 60,000 ulioanza kujengwa Nairobi 2024 kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027, ambao umaarufu wake unaweza kuwafanya wakuu wazisahau nyanja za zamani. Yanafaa vilevile kwa uwanja wa vumbi wenye milingoti ya mti katika kijiji chochote cha Kilungu.

Thamani ya kuwa na kwetu ilidhihirika Agosti 2025, Kenya ilipocheza mashindano ya CHAN Kasarani baada ya uwanja huo kukarabatiwa. Iliwalaza DR Congo, Moroko na Zambia kwa 1-0 kila mmoja na kutoka sare ya 1-1 na Angola. Kisha, mnamo Agosti 22, ikaondolewa na Madagaska kwa penalti katika robo fainali.

Ulikuwa usiku wa majonzi. Lakini tofauti na Lilongwe na Namboole, safari hii maelfu walikuwepo. Waliinamisha vichwa pamoja, wakayaelekea magari pamoja, wakabishana njia nzima kuhusu penalti zilizokoswa. Walikuwa wameshindwa, ila walikuwa wameshindwa nyumbani.