Nondo ya Shaba Kabla ya Kava za Viti

Gari likishashushwa melini Mombasa na kukata nchi nzima hadi Kakamega, mwenyewe hushikwa na homa ya kulipamba. Wiki ya kwanza ni kava za viti. Ya pili, usukani unavishwa ngozi. Ya tatu, taa za buluu chini ya dashibodi. Mimi sina ugomvi na mapambo. Mwenye gari na alipambe. Ila gari la umeme lina mambo yake, na kikorombwezo kitakachomfaa mwenyewe kuliko vyote hakikai garini. Hukaa ukutani, na kipande chake kimefukiwa nyuma ya nyumba ambako hakuna jirani atakayekiona akakisifu.

Kwa mtu wa mshahara, gari la umeme lililo karibu na mfuko wake ni Nissan Leaf iliyotumika Japani. Kenya haipokei gari kuukuu lililopitisha miaka 8, na usukani lazima uwe kulia, ndiyo maana macho yote huelekea huko. Leaf ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Zikafuata za 30, na kuanzia 2017 za 40. Kilowati-saa, kwa lugha ya mnunuzi wa tokeni za Kenya Power, ni yuniti. Tushike neno hilo, maana ndilo mizani yetu: yuniti moja huisukuma Leaf kilomita 6 hivi, au 7 dereva akiwa mpole. Muuzaji akikusifia kifaa chochote, kigeuze kiwe yuniti, kisha kilomita, ndipo utajua kama kuna cha kununua au ni maneno tu.

Tuanze na kebo. Leaf ya Japani mara nyingi huja na kebo yake ya kuchajia kwenye buti, nayo ilitengenezewa soketi ya Kijapani ya volti 200 yenye kubeba ampea 15. Plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Fundi wa mtaani hana shida na hilo: anaikata, anafunga plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba, mchezo umekwisha. Lakini plagi hiyo ina fyuzi ya ampea 13, na soketi nyingi majumbani zimezoea birika la chai linalochemka dakika 4 na kuzimwa. Gari hunyonya umeme saa nzima, saa ya pili, saa ya tano, bila kupumua.

Joto la waya halipandi sawasawa na mkondo. Ukiuzidisha mkondo mara moja na nusu, joto hupanda mara mbili na robo, kwa sababu hufuata mraba wa mkondo. Chukua soketi iliyolegea kidogo, yenye ukinzani wa omu 0.1 pale chuma kinapogusana na chuma. Ampea 10 zikipita, wati 10 za joto huzaliwa mahali hapo. Ampea 15 zikipita, ni wati 22 na nusu. Chuma cha fundi wa redio cha kuyeyushia risasi huwa na wati 30 hivi. Kwa hiyo umejiwekea chuma cha fundi ndani ya plastiki, ukutani, nyuma ya pazia, ukaenda kulala. Ekstensheni iliyoachwa imeviringwa kwenye gurudumu lake ni mbaya zaidi, maana kila mzunguko wa waya unaupasha mwenzake na joto halina pa kutokea.

Dawa yake ni chaja ya kubebeka inayokuachia uchague mkondo: ampea 8, 10 au 13. Hakikisha lebo yake inataja volti 240 na kwamba kichwa chake kinaingia kwenye gari lako. Leaf ya Japani ina tundu la Aina ya 1 lenye pini 5. Magari yaliyotengenezewa soko la Ulaya, na mengi yanayouzwa mapya siku hizi, yana Aina ya 2 yenye pini 7. Weka ampea 10. Kwa volti 240 hizo ni kilowati 2.4. Mtu anayeishi Lurambi, hapa Kakamega, na kuzunguka kilomita 50 kwa siku anatumia yuniti 8, zinazorudi kwa saa 4 hivi. Ukichomeka ukienda kulala, jogoo wa kwanza atakuta gari limeshiba. Chaja kubwa ya ukutani ya kilowati 7 ni nzuri, lakini inataka waya wake mnene kutoka kwenye boksi la swichi, na siku itakapokutana na shawa ya umeme asubuhi, nyumba nzima itazima ukiwa na sabuni machoni.

Sasa ile nondo, kile kipande kilichofukiwa nyuma ya nyumba. Chaja ya kisasa kabla ya kuruhusu umeme hupima kwanza waya wa tatu, ule wa kijani na manjano unaokwenda ardhini. Ikikuta haupo au ni dhaifu, huwasha taa nyekundu na kugoma. Nyumba nyingi, hasa zilizojengwa kidogo kidogo chumba baada ya chumba, zina waya huo kwa jina tu: umeishia nyuma ya soketi, au umefungwa kwenye kijiti cha chuma kilicholiwa na kutu. Hapo ndipo fundi hodari husema mashine hii ina kiburi, akafungua plagi, akaunganisha mguu wa ardhi na waya wa nyutro kwa kipande kifupi cha waya. Taa inageuka kijani. Kila mtu anafurahi.

Kilichofanyika ni kulifunga bodi la gari kwenye waya unaobeba mkondo. Siku nyutro itakapokatika au kulegea popote kati ya soketi na nguzo, mkondo uliokuwa ukirudi kupitia humo utakosa njia, na bodi zima la gari litapanda hadi volti 240. Matairi ni mpira, hayapitishi umeme. Njia ya kwanza ya kufika ardhini itakuwa mtu atakayeshika mlango akiwa miguu mitupu kwenye matope. Na Kakamega matope hatuna upungufu nayo: mvua ni milimita 2,000 hivi kwa mwaka.

Kwa hiyo pesa za kava za viti zipeleke kwanza kwenye nondo ya chuma iliyovishwa shaba, yenye urefu wa mita 1.2 au zaidi, igongelewe mahali penye unyevu, na fundi mwenye leseni aipime kwa kipimo cha ukinzani wa ardhi, si kwa balbu. Udongo wetu wenye maji hupitisha umeme vizuri, lakini huo unyevu hupungua wakati wa kiangazi. Pima Januari, si Mei. Pamoja nayo, weka swichi ya kinga inayolinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, ikate ukipotea zaidi ya ampea 0.03. Hapa gari lina ujanja ambao friji haina. Betri yake ni ya mkondo mnyoofu, na mkondo huo ukivuja kidogo unaweza kukishibisha kiini cha sumaku cha swichi ya kawaida kisione tena hitilafu nyingine. Ndiyo sababu chaja nzuri huwa na kitambuzi chake cha kukata mkondo mnyoofu ukivuja miliampea 6. Kitambuzi hicho kitafute kwenye karatasi ya maelezo kabla ya kutafuta rangi ya boksi.

Radi nayo ina sura yake. Mchana upepo wa Ziwa Viktoria hupanda kuelekea nyanda za juu, hewa yenye unyevu inasukumwa angani, na alasiri mbingu zinanguruma. Si lazima radi ipige kwako. Ikipiga karibu na laini ya nguzo, pigo la volti nyingi husafiri kwenye waya hadi sebuleni. Kinga ya mapigo hayo hufungwa kwenye boksi la swichi na kazi yake ni kuyamwaga ardhini, maana yake bila ile nondo ni pambo la plastiki. Hata ukiwa nayo, ukisikia ngurumo zinakaribia chomoa kebo kabla mvua haijafika.

Nje ya ukuta, kifaa cha bei nafuu chenye akili ni taima, ikiwa chaja au gari halina yake. Kuna sababu ya bei: Aprili 2023 Kenya ilianzisha bei maalum ya kuchajia magari ya umeme, shilingi 16 kwa yuniti na shilingi 8 saa za usiku mtandao wa umeme unapopumzika, kabla ya kodi na tozo. Na kuna sababu ya mlima. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Kakamega mita 1,530 na ushei. Kuipandisha Leaf yenye abiria, kilo 1,700, kwa mita hizo 400 kunagharimu karibu yuniti 2 juu ya matumizi ya kawaida, yaani kilomita 12 zinazoishia njiani, Kiboswa na Majengo. Ukishuka, deni hilo linalipwa: kwenye mteremko mdogo gari linaviringika karibu bure, kwenye mteremko mkali mota inageuka jenereta na kurudisha umeme. Lakini betri iliyojaa pomoni haina pa kuupokea. Anayetoka Kakamega kwenda Kisumu asubuhi na betri ya asilimia 100 hutupa zawadi hiyo kwenye breki. Ipigie taima hesabu ya saa ili ikate betri ikiwa karibu asilimia 80 au 90, na betri yenyewe itakushukuru, kwa kuwa lithiamu haipendi kukaa imeshiba kupita kiasi.

Matairi, kwa ufupi. Leaf nyingi hazina spea. Kuna kichupa cha gundi na pampu ndogo, na gundi ya gari la miaka 7 huenda imeshaganda. Nunua pampu yenye geji na vifaa vya kuziba pancha. Katika kila kilomita 100, yuniti 4 hivi huliwa na mvingirisho wa matairi peke yake. Upepo ukipungua hadi ukinzani huo uongezeke kwa moja ya tano, umepoteza kilomita 5. Keria ya juu ni ya siku ya kubeba mkungu wa ndizi. Baada ya hapo ishushwe, maana inashindana na hewa. (Faraja ndogo: hewa ya Kakamega ni nyepesi kwa karibu moja ya saba kuliko ya Mombasa, kwa hiyo gari linaipasua kwa urahisi zaidi.) Paneli ya sola juu ya gari, wati 200, siku ya jua zuri itakupa yuniti moja. Kilomita 6. Iweke juu ya nyumba.

Vya kupoza gari navyo viache. Huko Phoenix, Arizona, mwaka 2012 wenye Leaf walilalamika kwamba betri zao, ambazo hazina mfumo wa kupozwa kwa maji, zinachakaa upesi katika joto kali la jangwani, na Nissan ikalazimika kupanua dhamana yake. Kakamega wastani wa joto ni nyuzi 20 na kitu. Hali yetu ya hewa inailea betri bila malipo.

Betri hiyohiyo ndiyo sababu ya kununua kifaa kimoja hata kabla ya gari lenyewe. Ni kidude kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, kikizungumza na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Dashibodi ya Leaf huonyesha afya ya betri kwa vijiti 12, na kijiti cha kwanza hakipotei mpaka afya iwe imeshuka hadi asilimia 85 hivi. Gari la asilimia 99 na la asilimia 86 yanaonekana mapacha, na vijiti vyenyewe vinaweza kuchezewa. Programu hiyo inakupa asilimia kamili na volti ya kila jozi ya seli, zote 96. Jozi moja ikiwa chini ya wenzake kwa tofauti kubwa, rudisha ufunguo kwa muuzaji kwa heshima, uage.

Kidude hicho ukishamaliza kukichungulia, kichomoe. Gari la umeme pia lina betri ndogo ya volti 12, kama ya gari la petroli, na ndiyo inayofungua milango na kuiamsha ile kubwa. Sasa hesabu wanaoinyonya: traka ya benki iliyokukopesha, kamera ya kioo cha mbele, kengele ya wizi. Miliampea 30 tu, usiku na mchana kwa mwezi, ni zaidi ya ampea-saa 21, nusu ya betri ya ampea-saa 40. Ukisafiri wiki tatu, unaweza kurudi ukute gari lenye yuniti 30 tumboni limelala kama jiwe. Kibusti kidogo cha kuliamsha hutosha mfuko wa mlango, lakini usikiache ndani ya gari, maana mlango wenyewe huenda usifunguke.

Neno kwa mafundi wa matairi. Sakafu ya gari hili ni betri. Jeki ikiwekwa katikati, inainua betri. Nunua vipande vya mpira vya kuweka kati ya jeki na sehemu zilizotengwa pembeni, na umwonyeshe fundi kwa kidole. Anayetaka kufunga bamba la chuma la kukinga matuta asitoboe tundu jipya chini ya sakafu, na nyaya za rangi ya machungwa asizisogelee.

Mwenye gari jipya zaidi, kama BYD Atto 3 au Hyundai Ioniq 5, ana bahati nyingine: adapta ya kutoa umeme garini. Stima ikipotea, taa, runinga na intaneti ya nyumbani ni wati 150 hivi. Kwa saa 5 haifiki yuniti moja. Umetoa kilomita 5 ukatazama mechi hadi mwisho. Chomeka vifaa moja kwa moja kwenye ekstensheni ya adapta. Usithubutu kuisukuma stima hiyo kwenye soketi ya ukutani, maana itapanda hadi kwenye nguzo, na huko juu, kwenye mvua, huenda kuna mtu wa Kenya Power ameshika waya akiamini umekufa. Watoto wa jirani wakipiga kelele kwamba stima imerudi, toka nje uchomoe.