Kutu, Ulikaji na Bolti za Injini ya Kupachika

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache zihusuzo ubadilishaji wa bolti zilizoliwa katika injini ya boti, na kuonyesha kwamba uteuzi wa neno moja waweza kuamua kama kazi itafanyika au la.

Mfano tumeuchukua katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Chapwa, mjini Tunduma, hakuna ziwa. Kuna malori yaendayo Zambia na mafundi wayatengenezao. Lakini kwa upande wa kaskazini mkoa huo huo unapakana na Ziwa Rukwa, ambako kuna wavuvi na vyombo vyao. Bolti, nati na spana zina majina yale yale barabarani na ziwani. Kwa hiyo mfasiri wa mwongozo wa injini hana budi kuanza na maneno ambayo fundi wa Chapwa anayo tayari.

Injini inayofungwa kwenye tezi ya boti, na kuweza kuondolewa, huitwa injini ya kupachika. Istilahi hii yafaa, kwani yaeleza jinsi kitu kinavyotumika. Tatizo kubwa liko kwenye neno kutu.

Aghalabu wafasiri huandika: "Bolti zenye kutu zibadilishwe." Kutu, kwa Mswahili, ni uwekundu unaotoka kwenye chuma. Lakini mwili wa injini ya kupachika ni wa alumini, na bolti zake nyingi ni za feleji isiyoshika kutu. Metali mbili za namna hii zikigusana ndani ya maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri, na ile iliyo dhaifu, yaani alumini, huliwa. Kinachotokea si uwekundu bali unga mweupe, ambao hujaa kwenye hesi na kuibana bolti hadi ikaganda. Ziwa Rukwa halina mto utokao. Chumvi na magadi yaletwayo na mito hubaki humo, na magadi nayo huila alumini. Fundi aliyeambiwa atafute kutu ataangalia, hataona wekundu wowote, na ataiacha bolti mahali pake. Siku itakapokatika, wavuvi watakuwa katikati ya ziwa.

Kwa sababu hiyo twapendekeza matumizi yafuatayo:

(a) Ulikaji: kuliwa kwa metali yoyote kwa nguvu za kikemia. Kutu ni aina moja tu ya ulikaji, yaani ule wa chuma.

(b) Bolti na parafujo: kinachokazwa kwa spana kiitwe bolti, kinachokazwa kwa bisibisi kiitwe parafujo, neno tulilolipata kwa Wareno. Zana ndiyo itofautishe.

(c) Hesi: mfereji uzungukao bolti, au ulio ndani ya tundu lake.

(d) Washa: bamba la duara liwekwalo chini ya kichwa cha bolti au chini ya nati. Mafundi wote hulitumia, wala hatuna sababu ya kulikataa. Hata hivyo mfasiri ajihadhari asilianzishie sentensi, kwani "Washa ya injini" na "Washa injini" ni amri na jina vilivyokaribiana mno.

(e) Anodi kafara: kipande cha metali dhaifu kinachofungwa kwenye injini ili kiliwe badala ya injini yenyewe. Katika maji ya chumvi hutumika zinki au alumini. Katika maji baridi, magnesi. Wapo watakaosema kwamba kafara ni neno la ibada. Lakini maana yake, kitu kitolewacho ili kukinga madhara, ndiyo kazi ya kipande hiki. Na msomaji ataelewa mara moja kwa nini hakipaswi kupakwa rangi, na kwa nini kikiisha hununuliwa kingine.

Istilahi hupimwa katika matumizi. Tazama maelekezo haya:

1. Ondoa tangi la petroli, ulitenge mbali.
2. Sugua kichwa cha bolti kwa brashi ya waya. Tia mafuta mepesi kwenye ungio, uyaache usiku kucha.
3. Kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Rudia pole pole. Usitumie nguvu nyingi kwa mara moja.
4. Ikikataa, futa mafuta yote, kisha pasha moto alumini iliyoizunguka bolti, si bolti. Alumini hutanuka kuliko feleji, na tundu litalegea.
5. Safisha unga mweupe kwenye hesi.
6. Paka bolti mpya grisi isiyoondolewa na maji. Iwe ya metali, unene na urefu ule ule: fupi hushika hesi chache na kuzing'oa; ndefu hugota kabla ya kukaza.

Humo hamna neno litakalomzuia fundi kuendelea na kazi. Walimu wa ufundi na watumishi wanaoandaa miongozo ya uvuvi twawaomba wayajaribu maneno haya mbele ya mafundi wenyewe kabla ya kuyachapa. Fundi akinyoosha mkono na kushika kitu kingine, lawama si yake. Istilahi ndiyo irudishwe mezani.