Kasa wa Mafia na Taa ya Mgeni

Usiku, maji yanapojaa, kasa jike hujikokota kutoka baharini hadi juu ya ufuko wa Kisiwa cha Juani, Mafia. Kwa mapezi yake ya nyuma huchimba shimo mchangani, hutaga mayai kiasi cha 100 au zaidi, huyafukia, kisha hurejea majini. Hakai kuyaatamia. Joto la mchanga ndilo linaloyalea kwa muda wa miezi 2 hivi, na ndilo linaloamua iwapo watoto watakuwa madume au majike.

Maumbile yamemfundisha kinda wa kasa jambo moja: atokapo shimoni usiku, aelekee penye mwanga, kwa kuwa bahari hung'aa kuliko nchi kavu. Zamani mafunzo hayo hayakumpoteza. Leo taa ya nyumba au kurunzi ya mgeni humvuta bara, akafa kwa jua au akaliwa na kaa na ndege. Mama naye, akimulikwa kabla ya kutaga, huweza kugeuka na kurudi baharini.

Mafia ina Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 1995. Wageni huja Juani kuwatazama makinda wakitoka, na ada yao huwanufaisha pia wanakijiji. Basi mgeni asifukuzwe, bali afunzwe adabu za ufuko: usiku azime taa, anyamaze, asimame mbali, asimguse kinda wala asikanyage kiota. Taa ya baraza inayotazama bahari nayo ifunikwe. Kasa hawezi kubadili desturi yake kwa siku moja; binadamu aweza.