Mti Haukosi, Fundo Ndilo Hukosa

Nyumba za ghorofa zinaongezeka Mokowe. Ofisi za kaunti ziko hapa, na bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, iko jirani. Mafundi wanapanda, na wengi wanapanda juu ya majukwaa ya miti ya mikoko.

Jukwaa likianguka, mti ndio hulaumiwa. Mara nyingi mti hauna kosa. Boriti nzima ya mkoko ni nzito, mchwa hawaipendi, na hubeba mzigo mkubwa. Penye hatari ni pale miti miwili inapokutana. Waya wa kufungia ukikaa wiki kadhaa kwenye hewa ya chumvi huliwa na kutu upande wa ndani, usikoonekana. Msumari nao una siri yake: mzigo ukiukata kwa upande, hushikilia, ukiuvuta kuelekea nje, hutoka kidogo kidogo kila kibarua anapopita na karai la zege. Kwa hiyo mti wa kulala usining'inizwe kwenye msumari. Pigilia kipande cha mti chini yake, uzito ukalie mti juu ya mti, kisha funga.

Miguu ya jukwaa isimame juu ya vipande vya mbao, kwani mvua za masika zikilainisha ardhi, mguu mmoja hudidimia na mzigo wote huhamia kwa mingine. Weka miti ya mshazari, na lifunge jukwaa kwenye ukuta uliokwisha kukomaa. Kusi ikivuma, upepo husukuma kila kitu kilichosimama wima. Ubao uliotokeza bila kufungwa ni mtego: ukikanyaga ncha, upande wa pili huinuka.

Mtu akianguka kutoka mita 3 hufika chini kwa muda usiotimia sekunde moja, akienda karibu kilomita 28 kwa saa. Akitua kwa miguu, visigino huvunjika, na kishindo hupanda hadi kwenye uti wa mgongo, hasa kiunoni. Ndiyo maana anayelia kisigino achukuliwe kuwa ameumia mgongo pia, hata kama hajautaja.

Hapa ndipo jiografia yetu inapotutesa. Hospitali ya King Fahd iko kisiwani Lamu, ng'ambo ya mlango wa bahari. Majeruhi abebwe mpaka jeti, ateremshwe kwenye boti, apandishwe tena upande wa pili. Akishikwa makwapani na miguuni, mfupa uliopasuka unaweza kuukata uti. Kwanza mwacheni alale alivyo. Mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, mumlaze na kumfunga juu ya ubao mpana. Mbao za jukwaa ziko pale pale.

Kanuni za ujenzi za Kenya za mwaka 1984 zinataka jukwaa likaguliwe na mtu mwenye ujuzi kila siku 7. Mimi ningeongeza: na kila baada ya mvua kubwa. Ukaguzi uwe wa mkono, si wa macho tu. Tikisa kila fundo.

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, na aliyelemaa kabisa hustahili mapato ya miezi 96. Dai lake lifikishwe kwa mwajiri kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali, kwa hiyo kibarua wa kutwa naye aandikwe jina daftarini asubuhi, kabla hajapanda.