Kabla ya Kununua Kabureta

Pikipiki yako ya zamani huwaka vyema asubuhi, lakini baada ya kilomita chache hukohoa na kuzima katikati ya barabara, lori likikufuata nyuma. Ukingoja kidogo, huwaka tena. Usikimbilie kununua kabureta!

Katika pikipiki nyingi za zamani, petroli huteremka kutoka tangini kwa uzito wake tu. Ili iteremke, sharti hewa iingie kupitia kitundu cha kifuniko. Vumbi likikiziba, petroli hukwama.

Ikizima tena, isukume kando ya barabara ufungue kifuniko papo hapo, pasiwe na sigara wala moto karibu. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na pikipiki iwake mara moja, umempata mwizi. Zibua kitundu hicho.

Kama sivyo, ngoja injini ipoe. Funga koki, chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze chupani, kisha fungua koki. Petroli ikidondoka tone kwa tone, huenda chujio la koki limejaa kutu. Ikitiririka vizuri, mwone fundi kuhusu kabureta, ambayo mara nyingi huhitaji kusafishwa tu.